Ramani Isiyo na Beni

Kwenu ninyi mnaochukua darasa langu: ile ramani ya Ulaya iliyo ukutani msiiondoe. Najua ni kuukuu. Najua inaonyesha Ujerumani mbili, na mmoja wenu amekwisha kuniuliza kwa heshima kama haujafika wakati wa kuipumzisha. Anayepumzishwa ni mimi. Ramani bado ina kazi, lakini msipojua ilipopitia mtaiona karatasi tu, ndiyo maana nimekaa hapa nyumbani Butembo na kikombe changu cha chai, nikiwaandikia. Jambo moja mlijue mapema. Kazi hii niliifanya kwa mapenzi na kwa wivu, na wivu ndio ulioniamsha asubuhi nyingi zaidi. Watu wengine wakistaafu hujifanya wamesamehe dunia nzima. Mimi sijafika huko.

Nilitoka Alimbongo, kwenye ukungu na viazi, mtoto wa mwalimu wa shule ya Kiprotestanti. Chuo kiliponichukua niwe asistanti wa kozi ya Siasa na Jamii za Ulaya, nilipewa Profesa Lukusa awe mkubwa wangu. Ninyi hamkumjua. Alikuwa akija kwa ndege kutoka Kinshasa, anafundisha kozi nzima asubuhi na alasiri mpaka sauti inamkauka, anafanya mtihani, anarudi zake. Ujanani alisoma Ujerumani. Siku yangu ya kwanza alinipa chaki, akaniambia niandike ubaoni majina ya miji atakayoitaja, nisifungue kinywa. Niliandika siku nzima. Jioni akaniuliza kama nimewahi kuona theluji. Nikasema hapana.

"Basi usiwaeleze theluji," akasema. "Waeleze watu wanafanya nini theluji ikianguka. Nani anafungua duka, nani anachelewa kazini, nani analaumiwa. Hiyo ndiyo kozi."

Ushauri huo nawaachia bila kuuongeza. Wanafunzi walipotaka kujua baridi ya Ujerumani ikoje, niliwaambia ni Alimbongo mara mbili, kisha tukaenda moja kwa moja kwenye bunge na vyama vya wafanyakazi.

Profesa alikuwa na sheria moja ya mtihani. Mtihani wake ulikuwa wa kusema, si wa kuandika. Mwanafunzi anabisha hodi, anaingia, anasalimu kwa Kijerumani, anangoja ajibiwe, anauliza habari za afya na za nyumbani, anangoja tena, ndipo anachukua swali. Aliyeingia na kurukia jibu alitolewa nje akaambiwa aingie upya kama mtu. Profesa alisema lugha isiyoanza na salamu ni kelele za mashine. Kwetu sisi Wanande hilo halikuhitaji maelezo. Bibi yangu asingekupa hata moto wa jikoni kabla hujamwuliza mbuzi wake wamelalaje. Niliishika sheria ile kama katekisimu, na mtaona ilinifikisha wapi.

Kisha vita vikaja. Profesa alipopanda ndege mara ya mwisho aliniachia ramani na kozi yake iliyopigwa chapa, akasema tutaonana kwenye sesheni ya pili. Hatukuonana. Mstari wa mbele ulipita katikati ya nchi, ndege zikakatwa, na Kinshasa ikawa mbali kuliko Berlin. Wanajeshi walibadilishana, leo wa huyu kesho wa yule, na mimi nikabaki na darasa. Sikupewa barua wala baraka. Siku moja tu niligundua kwamba ninayeandika ubaoni na ninayesema ni mtu mmoja.

Hapo ndipo alipoingia Ilunga. Alikuwa mwana wa Kasai, serikali ilimtuma Beni kufundisha sekondari kabla ya vita, na vita vikamfungia huku asiweze kurudi kwao. Chuo kikampa somo la Kijerumani. Alikuwa mrefu, anavaa vizuri hata pale sote tulipokuwa na shati moja la kazi, na alikuwa na Kilingala kitamu, kile kinachowafanya wanajeshi wacheke. Wanafunzi walimpenda wiki ya kwanza. Mimi walinizoea, nadhani, mwaka wa tatu. Alikuwa hajaona Ulaya, sawa na mimi. Tofauti ni kwamba yeye haikumkosesha usingizi.

Nitawaambia kilichonikosesha mimi. Katika ramani ile mji wa Berlin umekatwa katikati. Nilipofundisha habari za ukuta, wanafunzi wangu hawakuhitaji mifano. Walikuwa na wazazi upande mmoja wa mstari na karo upande mwingine. Kisha niliwaeleza lile lango kubwa la nguzo, jinsi lilivyosimama miaka mingi nyuma ya ukuta na hakuna aliyelipita, na jinsi siku hizi watu wanapita chini yake wakiwa na mkate kwapani, wakivuta watoto, na hawaulizwi wanatoka wapi wala wanaenda wapi. Nikaendelea na nchi zile zilizoondoa vizuizi mipakani. Kila mwanafunzi alikuwa akihesabu kichwani barrière alizopita kuja shuleni, vile vizuizi vya wanajeshi barabarani. Mwishoni msichana mmoja wa Beni akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na bale batu ba barrière, sasa bakakula nini?"

Swali hilo mpaka leo sijaona kitabu kilicholijibu vizuri. Lakini mimi lango lile nililitaka. Sikuutaka utajiri wa Ulaya, wala magari. Nilitaka kupita chini ya lango mara moja, mikono mfukoni, nisiulizwe neno na mtu yeyote. Nilitaka hivyo kwa nguvu kiasi kwamba nilipomfundisha mwanafunzi mwenye pasipoti nilimwonea wivu pasipoti yake.

Habari ikafika kwamba kanisa moja la Ujerumani litampokea mwalimu mmoja wa chuo chetu, miaka miwili, asome siasa na jamii za huko kwenye chuo kikuu chao. Mmoja. Tuliofaa tulikuwa wawili, mimi na Ilunga. Mama mmoja Mjerumani aliyekuwa amekaa Kampala angetupima kwa Kijerumani kupitia phonie, kila mtu zamu yake. Ninyi wa simu za mkononi hamjui phonie: ni redio ya kuzungumzia mbali, inakula betri ya gari, na mnasema kwa zamu. Ukimaliza unasema "à vous," unaachia kitufe, mwenzako anaanza. Na kila mwenye phonie kwenye mstari ule anawasikia. Ya kanisa la Butembo ilikuwa imechukuliwa na wanajeshi. Ilibaki ya Beni.

Tukapanda gari la mboga asubuhi, mimi na Ilunga, juu ya kabichi. Nilichukua ramani kwa sababu alasiri nilikuwa na kipindi Beu, mtaa wa mji huo huo wa Beni. Huo ulikuwa ujinga wa mwalimu. Mtu mwenye akili hasafiri na ramani wakati wa vita, hata iwe ya mbinguni. Vizuizi vya kwanza tulivipita salama. Cha mwisho kabla ya Beni, mwanajeshi mmoja kijana akauona ule mviringo wa karatasi chini ya kwapa langu, akaniambia nishuke, niufungue chini barabarani. Akauzunguka. Akachuchumaa.

"Hii ni karte ya wapi?"

"Ya Ulaya, chef."

"Beni iko wapi humu?"

"Beni haiko, chef."

Akainua uso, akaniangalia kama mtu aliyemkamata mwizi na kuku mkononi. "Karte gani haina Beni? Mumeitosha juu ya nini?"

Hoja yake, niliielewa baadaye, haikuwa mbaya. Kwake yeye, tulikuwa tumeifuta Beni kwenye ramani ili adui asijue tunakolenga. Nilimweleza mabara. Nilimweleza Profesa Lukusa. Nilipofika kwenye Ujerumani mbili akaita wenzake, maana sasa mistari myekundu ya mipaka ilikuwa imeonekana. Wakanikalisha chini kwenye vumbi, viatu mkononi. Ilunga alishuka kwenye kabichi taratibu, akajipangusa suruali, akawaambia maneno kwa Kilingala. Sikuyashika yote. Nilisikia tu kwamba mimi ni mtu wa vitabu na kwamba vitabu vimeniharibu kidogo. Wakacheka. Yule kijana akaikunja ramani mwenyewe, vizuri kuliko nilivyoikunja mimi, akasema: "Tika ye aleka." Mwacheni apite.

Ilunga aliniokoa, nakubali. Lakini semeni ninyi, mtu anafanyaje na mpinzani aliyemwokoa? Ukimchukia unaonekana huna shukrani. Ukimshukuru, chakula kinakukwama kooni. Nilimshukuru. Njia yote iliyobaki aliniimbia nyimbo, na aliimba vizuri, jambo lililonizidishia wivu.

Chumba cha phonie pale Beni kilijaa watu. Kulikuwa na wafanyabiashara wakingoja zamu zao, na kwenye benchi karibu nami alikaa mama mmoja muuza samaki wa Kyavinyonge kule ziwani, mnene, kitenge cha kijani, akingoja kuuliza kama magunia yake ya samaki wa chumvi yamepita. Mimi nilitangulia kwa sababu ya umri. Opereta akanikabidhi kipaza sauti. Sauti ya yule mama Mjerumani ilitoka Kampala nyembamba lakini safi, akasema jina lake, akasema à vous.

Nami nikamsalimu. Ningefanya nini kingine? Nilimsalimu kama nilivyofundishwa na Profesa na kama nilivyolelewa Alimbongo. Nikauliza habari za asubuhi, à vous. Akajibu nzuri. Nikauliza afya yake, à vous. Akajibu nzuri, asante. Nikauliza safari yake ya Kampala ilikuwaje, kisha wazazi wake kama wako hai, na alipojibu kwamba baba yake alifariki nikampa pole, pole ya kweli, yenye mwanzo na mwisho, kwa sentensi nilizozijenga vizuri mpaka leo najivunia. Majibu yake yalizidi kuwa mafupi. Nilidhani ni mtu wa haya. Opereta alikuwa akinionyesha betri kwa kidole, nami nikamwitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, naiona betri.

Ndipo akauliza swali: kwa nini unataka kuja Ujerumani?

Lango lilikuwa mdomoni. Nilikuwa nimelitayarisha mwezi mzima. Nilibonyeza kitufe, nikasema kwamba katika mji wa Berlin kuna lango, na taa ya phonie ikafifia, sauti ikazama, ikabaki mivumo tu. Opereta akatafuta betri nyingine. Walipoipata na kuifunga, yule mama akasema kwa upole kwamba muda wa mgombea wa kwanza umeisha, anaomba wa pili. Ilunga akakaa, akasema jina lake. Hakuuliza hata kama amelala vizuri. Akaulizwa kwa nini anataka kuja Ujerumani, akasema: kusoma, na nikimaliza kurudi kufundisha, à vous. Alipewa nafasi pale pale.

Nilitoka nje nikasimama ukutani. Yule mama wa samaki alinifuata. Hakujua Kijerumani hata neno, lakini mtu huijua salamu kwa mwendo wake.

"Mwalimu, weye ulisalimia kama mutu," akaniambia. "Ule mwingine aliingia tu mu nyumba ya batu, akaanza kuomba chakula. Na bamemupa."

Hakuna tuzo nyingine niliyopata katika kazi hii inayoifikia hiyo. Lakini haikunipeleka Berlin. Alasiri nilikwenda Beu, nikatundika ramani, nikafundisha uchaguzi wa Ujerumani. Sijui nilisema nini.

Ilunga aliondoka kupitia Kasindi, mpakani mwa Uganda. Tulimsindikiza wote, kwaya ikaimba, nami nilikuwa kwenye kwaya. Sikumfanyia ubaya wowote, wala kwa neno wala kwa dawa. Wivu wangu ulikuwa wa kukaa tu, kama jiwe kwenye kiatu cha mtu asiyetaka kukivua mbele za watu. Miaka miwili nilifundisha kozi yake na yangu. Risasi zikilia upande wa uwanja wa ndege tulilala chini, mimi na wanafunzi, kisha tunasimama, tunajipangusa, tunaendelea na katiba ya Ufaransa. Kila nilipofika kwenye lango nilijiuliza kama Ilunga analipita wakati huo, na mkate kwapani.

Wahenga wanasema aliye juu mngoje chini. Nilimngoja. Alishuka amevaa koti zito ambalo Butembo yetu hailihitaji, na alilivaa hata Beni, ambako jua linakaanga. Alikuwa amenenepa. Aliwaletea wanafunzi picha, akawaeleza theluji, naam, theluji yenyewe, nao wakasikiliza wamefumbua vinywa. Nilivumilia. Jioni, tulipobaki wawili, nilimwuliza kile nilichongoja kumwuliza.

"Lile lango la Berlin, ulilipita?"

Ilunga akafikiri. Akasema chuo chake kilikuwa mbali na Berlin. Akasema mara moja walipanga safari ya kwenda huko, basi lote la wanafunzi, lakini asubuhi ile kulikuwa na baridi kali, akaona afadhali alale.

Akaona afadhali alale. Niwaambie ukweli, kama angesema alilipita kila Jumapili ningemwonea wivu wa kawaida nikapona. Huyu alipewa lango akachagua blanketi. Niliondoka bila kumuaga. Kwa mtu wa sheria yangu ya salamu, mtaelewa ni kitu gani hicho. Tumefanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo, tumezika wazazi wetu pamoja, alishika kichwa cha jeneza la baba yangu mpaka kaburini Alimbongo. Ni mtu mzuri. Blanketi lile sijamsamehe.

Sasa nifike kwa Kavira, binti yangu. Baadhi yenu mlisoma naye. Alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni wakati wa ile phonie, akakua akiisikia habari ya lango kabla ya kulala, kama watoto wengine wanavyosikia habari za sungura. Alisoma kozi yangu, akapita mtihani wangu wa kusema. Nilimtoa nje mara moja, kwa sababu alinisalimu haraka akidhani baba hahitaji salamu ndefu. Alirudi akasalimu vizuri. Kisha akapata nafasi ya kusoma Ujerumani, kwa juhudi zake, mimi sikuinua hata kidole. Tulimpeleka mpakani Kasindi. Nilimkumbatia nikalia, na watu waliona machozi ya baba. Nusu yalikuwa ya baba. Nusu nyingine mnaijua ninyi mnaosoma hapa. Nilimwonea wivu mtoto niliyemzaa, na mama yake, ambaye anajua kila kitu, alinipa kitambaa bila kuniangalia.

Wiki ile niliyokabidhi ufunguo wa darasa, simu yangu ililia mchana. Kavira. Nyuma yake palikuwa na upepo na sauti za watu wengi.

"Papa, niko Berlin. Niko mbele ya lango. Ngoja nikuambie..."

Miaka yote ile, na sasa lango lilikuwa ndani ya sikio langu. Alikuwa mita chache kutoka langoni. Angeniambia kama kuna mtu anayeuliza, kama watu wana mkate, kama nguzo ni kubwa kama nilivyowaambia wanafunzi. Nilichopaswa kufanya ni kunyamaza tu. Lakini hakuwa amenisalimu. Alikuwa ameingia nyumbani mwangu kwa simu na kuanza na shughuli, kama Ilunga, kama betri inaisha.

"Wasibire," nikamwambia. Ndiyo salamu yetu ya mchana.

Kavira akaiacha habari yake hapo hapo. Nilijua amekumbuka mlango wa mtihani. Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya nyumbani, akaniitikia. Akauliza mimi nimeshindaje. Akauliza mgongo wangu, akauliza mama yake, dada zake mmoja mmoja, jirani yetu mjane, viazi vya Alimbongo vimetoka vipi mwaka huu, barabara ya Beni inapitika au haipitiki. Nami nikamwuliza chumba chake, chakula chake, mama mwenye nyumba wake na wazazi wa huyo mama. Tuliendelea hivyo, kwa zamu, bila kukatana, mpaka mtandao ukakatika wenyewe.

Amenipigia mara nyingi tangu siku ile, na kila mara anaanza na salamu, na salamu zetu ni ndefu. Habari ya lango hajaisema, maana anangoja nimwulize. Mimi bado sijamwuliza. Nikimwuliza atanijibu, na lango litakuwa lake, si langu tena.